Sura ya Saba: Uso Uliofunikwa na Sauti

Mwambie mtu yeyote aliyekulia mbele ya luninga amwigize James Earl Jones, naye ataishusha sauti mpaka kwenye kina cha tumbo. Atakupa Darth Vader, au Mufasa, au yule bwana aliyekuwa akilitaja jina la CNN kabla ya taarifa ya habari. Kisha mwambie akueleze huyo bwana alifananaje. Wengi watakwama hapo hapo.

Jones aliigiza kwa zaidi ya miaka 60, jukwaani, kwenye filamu na kwenye tamthilia za luninga. Alipata tuzo kubwa karibu zote ambazo Marekani huwapa waigizaji wake. Lakini ukisoma tanzia zilizoandikwa alipofariki mwaka 2024, utaona nyingi zinaanza na koo lake na kuishia huko huko. Mimi naona amepunjwa. Sauti ile ilikuwa kubwa mno hata ikamfunika mwigizaji mwenyewe, na mwigizaji aliyekuwa nyuma yake alistahili kutazamwa.

Na ajabu ya kwanza ni kwamba sauti yenyewe ilikaribia kutosikika kabisa.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, kijiji cha wakulima katika jimbo la Mississippi, wakati ambapo mtu mweusi wa kusini mwa Marekani hakuwa na kura wala hakimu wa kumkimbilia. Baba yake, Robert Earl Jones, aliondoka mapema kwenda kutafuta maisha, na mtoto akakua bila kumjua. Waliomlea ni babu na bibi mzaa mama, John Henry na Maggie Connolly. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, babu aliihamisha familia nzima kwenda shambani Michigan, kaskazini, kama walivyofanya mamilioni ya watu weusi wa zama zile.

Kuhama kule kulimvuruga mtoto. Akaanza kigugumizi, na kigugumizi kikamletea aibu, na aibu ikamfunga mdomo. Kwa takriban miaka minane alikuwa karibu bubu. Nyumbani alisema maneno machache ya lazima, shuleni aliandika majibu kwenye karatasi, na mazungumzo marefu aliyafanya na mifugo tu, maana ng'ombe na nguruwe hawamcheki mtu.

Aliyemfungua ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, Donald Crouch. Mwalimu huyu aligundua kwamba yule kijana asiyesema anaandika mashairi kwa siri. Majira fulani ya baridi, mabalungi ya Florida yalifika mpaka kwao Michigan, tunda lenye juisi katikati ya theluji, na kijana akaandika utenzi wa kulisifu akifuata mahadhi ya mshairi Longfellow. Crouch aliusoma, akaona ni mzuri. Hakumpongeza. Alimwambia utenzi huu ni mzuri kupita kiasi, nina shaka kama ni wako; na njia ya kuthibitisha kwamba hukuuiba ni kusimama mbele ya darasa uughani wote kwa kichwa.

Alisimama. Akaughani mwanzo hadi mwisho, na hakukwama hata mara moja.

Wanaoshughulika na kigugumizi watakuambia hilo halina muujiza ndani yake. Watu wengi wenye kigugumizi huimba bila tatizo, na hughani bila tatizo, kwa sababu mahadhi huyabeba maneno na mdomo haulazimiki kuyasaka. Lakini kwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi ilikuwa ni kugundua kwamba kuna mahali ambapo anaweza kusema: ndani ya maneno yaliyokwisha kuandikwa. Tangu siku ile Crouch alimtia kwenye kughani, kwenye midahalo, kwenye kusoma kwa sauti. Kigugumizi hakikumtoka. Jones mwenyewe alisema mpaka uzeeni kwamba yeye ni mtu mwenye kigugumizi anayejua kuchagua maneno. Vile vituo vyake virefu, ule uzito wa kila silabi, ambao wengi waliudhania ni madaha ya mtu mwenye sauti nzuri, kumbe ilikuwa ni tahadhari ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja baada ya jingine.

Chuo Kikuu cha Michigan alikwenda akiwa na nia ya kusomea udaktari. Akahamia sanaa za maonyesho, akahitimu mwaka 1955. Katikati hapo alipita jeshini, akawa luteni, lakini vita vya Korea vilikwisha kabla hajapelekwa. Mjini Manistee, kando ya Ziwa Michigan, alifanya kazi katika ukumbi wa Ramsdell, kwanza fundi seremala wa jukwaa na mwisho mwigizaji. Hapo ndipo alipoigiza Othello kwa mara ya kwanza, kabla jiji kubwa halijamsikia.

Kisha New York, na huko alimkuta baba. Robert Earl Jones alikuwa naye mwigizaji, aliyewahi kuwa bondia na kufanya mazoezi ulingoni na Joe Louis, na kazi yake ilikuwa imekatika kwa sababu ya msako wa wakomunisti. Baba na mwana waliokutana ukubwani walikaa pamoja kwa muda na kupiga deki na kung'arisha sakafu za watu ili walipe kodi, huku mwana akisoma uigizaji kwa fedha za serikali za wanajeshi waliostaafu. Jones hakupata kulipamba jambo hili. Hakudai kwamba pengo la utotoni lilizibika. Walikuwa wafanyakazi wawili wa fani moja, basi.

Nafasi yake ya kwanza ya kusema maneno mbele ya watazamaji wa Broadway ilikuwa mwaka 1958, akiwa mtumishi wa nyumbani katika mchezo kuhusu Rais Roosevelt. Ukumbi ulikuwa Cort, mtaa wa 48. Nitaurudia ukumbi huo baadaye kidogo.

Kuna mtu mmoja ambaye alijitokeza mara tatu kwenye njia ya Jones, naye ni George C. Scott. Mwaka 1962 waliigiza pamoja mchezo wa Shakespeare, Mfanyabiashara wa Venice, katika jukwaa la wazi la bustani ya Central Park, Scott akiwa Shylock na Jones akiwa mwana wa mfalme wa Moroko. Mwongozaji Stanley Kubrick alikuja kumtazama Scott, akamtaka kwa filamu yake mpya. Akamwona na yule mweusi, akamchukua pia. Hivyo ndivyo Jones alivyoingia sinema: Luteni Lothar Zogg, ndani ya ndege ya mabomu, katika Dr. Strangelove ya mwaka 1964. Scott naye yumo humo humo, jenerali mwenye kelele. Mara ya tatu nitaifikia sasa hivi.

Mchezo uliomtoa ulikuwa The Great White Hope wa Howard Sackler. Ulianzia Washington mwaka 1967, ukafika Broadway mwaka 1968. Unamhusu bondia aitwaye Jack Jefferson, na kila aliyeuona alijua kwamba ni Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, aliyeutwaa mkanda mwaka 1908 na kisha kuandamwa na sheria kwa sababu ya kupenda wanawake wa Kizungu. Jones alinyoa kichwa, akajenga misuli, akaingia ulingoni. Miongoni mwa waliokwenda kuutazama ni Muhammad Ali, aliyekuwa amenyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda kupigana Vietnam. Ali alisema bila kumung'unya kwamba yale ni maisha yake mwenyewe. Jones alipata tuzo ya Tony mwaka 1969, na mchezo ulipofanywa filamu mwaka 1970 akateuliwa kuwania Oscar. Kabla yake, mwanamume mweusi aliyepata kuteuliwa kwa nafasi ya mwigizaji bora alikuwa Sidney Poitier peke yake.

Aliyeshinda Oscar ile ni George C. Scott, kwa filamu ya Patton. Na Scott akaikataa.

Itazame The Great White Hope leo, nawe utaona uso wa Jones ulivyoweza. Jefferson anacheka mbele ya waandishi wa habari, meno yote nje, na macho hayamo kabisa kwenye kicheko kile. Macho yanapiga hesabu. Anajua kwamba wanaomzunguka wanasubiri ateleze. Sauti ingekuwa ya mtu mwingine yeyote, bado ungeelewa.

Mwaka 1969, akiwa bado na kile kichwa kilichonyolewa, alifanya kitu kidogo ambacho nakihesabu miongoni mwa kazi zake kubwa. Watu wa Sesame Street, kipindi kipya cha luninga cha kuwafundisha watoto, walimwomba asome alfabeti mbele ya kamera. Basi. Anaikazia macho kamera. Herufi inatokea karibu na kichwa chake. Anasubiri. Anaitaja kwa nguvu, midomo ikiumba kila sauti waziwazi, kisha anasubiri tena mpaka inayofuata. Watafiti waliokuwa wakiwatazama watoto waligundua jambo. Mara ya kwanza mtoto husema herufi baada ya Jones. Akirudia kuona, huisema pamoja naye. Baada ya hapo humtangulia, herufi ikitokea tu mtoto ameshaitaja, kana kwamba anamsahihisha mtu mzima. Kile kimya kati ya herufi na sauti ndicho kilichokuwa kikifundisha. Na mtu aliyejua thamani ya kile kimya ni mtu aliyeishi ndani yake miaka minane.

Luninga ilikuwa imeshamwajiri kabla ya hapo. Mwaka 1966 alicheza daktari katika As the World Turns, akawa miongoni mwa weusi wa kwanza kupewa nafasi ya kudumu katika tamthilia za mchana za Marekani. Si uigizaji wa kukumbukwa sana, lakini ulikuwa mshahara, na kwa mwigizaji mshahara unaokuja kila wiki si jambo la kudharauliwa.

Sasa tufike kwa Darth Vader, maana hakuna namna ya kumkwepa. Aliyevaa lile vazi jeusi katika Star Wars alikuwa Mwingereza David Prowse, mnyanyua vyuma mrefu, mwenye lafudhi ya magharibi mwa Uingereza ambayo mwongozaji George Lucas hakuitaka kwa mbabe wake wa anga za juu. Akatafutwa mtu wa kutia sauti. Jones aliingia studio, akafanya kazi ya saa chache, akalipwa dola 7,000, akaenda zake akiona amepata fedha nzuri. Filamu ilitoka mwaka 1977 na jina lake halikuwamo. Wala halikuwamo katika ile ya pili. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa, akisema kwamba mwigizaji wa nafasi ile ni Prowse, na yeye alichochangia ni kama zile sauti za mitambo. Na katika ile ya pili, pale Vader anapofichua kwamba yeye ndiye baba wa shujaa wa filamu, Prowse alipewa maneno ya uongo ayaseme siku ya kupiga picha ili siri isivuje. Ukweli ulikwenda kutiwa na Jones baadaye studio. Naye aliposoma ukurasa wake, kama alivyosimulia, alidhani Vader anadanganya.

Kazi ile ilimgharimu, kwa maana moja. Kuanzia hapo, kila mtangazaji wa biashara aliitaka sauti ile. Kampuni za simu, CNN, filamu za wanyama. Alikubali nyingi, na sioni sababu ya kumlaumu. Lakini katika miaka hiyo hiyo alikuwa akifanya kazi nyingine ambazo leo inabidi uzitafute.

Chukua Roots: The Next Generations ya mwaka 1979. Jones ni Alex Haley, mwandishi, na katika tukio moja anakwenda kumhoji kiongozi wa Manazi wa Marekani, anayeigizwa na Marlon Brando. Brando ndiye mwenye maneno. Anamwaga ubaguzi kwa tabasamu, anajifaragua, anachokoza. Jones ameketi na daftari lake, anasikiliza. Brando alipata tuzo ya Emmy kwa tukio lile, na alistahili. Ila rudia kulitazama ukimwangalia yule anayesikiliza: shingo inavyokaza kidogo, mkono unavyoendelea kuandika kwa sababu kazi ni kazi.

Au chukua Matewan ya John Sayles, mwaka 1987, kuhusu mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa West Virginia mwaka 1920. Jones ni mchimbaji mweusi aitwaye Few Clothes, aliyeletwa na matajiri avunje mgomo, akaamua kuungana na wagomaji. Wagomaji wanaaminishwa kwamba kijana anayewaongoza ni mpelelezi wa matajiri. Inapigwa kura ya nani amuue, inamwangukia Few Clothes. Usiku anakaa naye kando ya moto, bastola anayo, na yule kijana hajui lolote, anamsimulia hadithi. Few Clothes anaitikia kwa maneno machache. Uso mkubwa ule, nusu mwanga nusu giza, unataka kuamini na unaogopa kuamini. Sijaona katika kazi zake zote dakika chache zenye uzito kama zile, na hazikumletea tuzo yoyote.

Mwaka huo huo wa 1987 alikuwa Broadway katika Fences ya August Wilson, akiwa Troy Maxson, mzoa taka aliyezeeka na uchungu wa kunyimwa nafasi ya kucheza besiboli kwa sababu ya rangi. Ikampa Tony ya pili. Mwaka 1990 alirudi luningani na Gabriel's Fire, polisi wa zamani aliyekaa gerezani miaka 20. Usiku mmoja wa mwaka 1991 alibeba Emmy mbili, moja kwa tamthilia hiyo na nyingine kwa filamu ya luninga, Heat Wave, kuhusu ghasia za Watts za mwaka 1965. Wakubwa wa stesheni wakaona Gabriel's Fire ina huzuni mno, wakaibadilisha jina na kuichangamsha. Ikafa.

Huku kwetu tulimjua kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfalme wa Zamunda katika Coming to America ya mwaka 1988, baba yake Eddie Murphy, na ngozi ya simba begani. Wengi walioiona filamu ile kwenye kibanda umiza waliiona mkalimani akiwa amepanda juu ya sauti, akipiga Kiswahili mwanzo mwisho. Sauti maarufu ya James Earl Jones haikuwafikia. Walibaki na uso: nyusi zikipanda, kidevu kikiinuka, mzee mwenye kiburi akilainika mbele ya mke wake. Na walicheka mahali pa kucheka. Ushahidi mwingine wa hoja yangu siuhitaji.

Njia ya pili ni The Lion King ya mwaka 1994, Mufasa, katika hadithi iliyokopa majina kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, hata yule fisi Shenzi. Malkia wa Zamunda na jike la Mufasa ni mwigizaji mmoja, Madge Sinclair wa Jamaika, aliyekuwa naye pia katika Gabriel's Fire. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, Jones ndiye pekee kati ya sauti za mwanzo aliyeitwa tena.

Mwaka mmoja baada ya Mufasa alikwenda Afrika Kusini kuigiza Cry, the Beloved Country, kutoka riwaya ya Alan Paton, ubaguzi wa kisheria ukiwa umeanguka tu. Alikuwa Mchungaji Stephen Kumalo, mzee wa kijijini aliyekwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe akamkuta ameua. Aliyeuawa ni mtoto wa jirani Mzungu, Jarvis, anayeigizwa na Richard Harris. Kumalo anapolazimika kumwambia Jarvis yeye ni baba wa nani, maneno hayatoki. Jones hakuhitaji mtu wa kumfundisha jambo hilo.

Uzeeni hakupumzika. Oscar ya heshima ya mwaka 2011 ilimkuta London, na Ben Kingsley akamkabidhi jukwaani, alipokuwa akiigiza Driving Miss Daisy pamoja na Vanessa Redgrave. Mwaka 2015, akiwa na miaka 84, alikuwa Broadway na Cicely Tyson, mwenzake tangu miaka ya 60. Mwaka 2022 ule ukumbi wa Cort, alikoingia akiwa mtumishi wa Roosevelt, ulibadilishwa jina ukawa James Earl Jones Theatre.

Na mwaka huo huo sauti ilianza kutembea bila yeye. Katika tamthilia ya Obi-Wan Kenobi, Darth Vader alisemeshwa na kompyuta, kwa ridhaa ya Jones aliyekuwa na miaka 91, kazi ikifanywa na kampuni ya Kiukreni, Respeecher, nchi yao ikiwa vitani. Mwaka 2025, yeye ameshafariki, sauti ya mashine iliwekwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Fortnite. Familia iliridhia, chama cha waigizaji kikafungua malalamiko, kwa sababu walio hai nao wanatafuta kazi ya kutia sauti. Chama kina haki ya kulalamika. Kwa upande wa Jones mwenyewe, nadhani alikuwa ameshatoa jibu mwaka 1977: ile kwake ilikuwa mitambo tangu mwanzo.

Alifariki tarehe 9 Septemba 2024, nyumbani kwake katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 93. Ukitaka kumjua, muache Vader apumzike kwanza. Anza na Matewan, kisha The Great White Hope, kisha Cry, the Beloved Country. Na ukifika pale kando ya moto, na Few Clothes ana bastola, zima sauti ya luninga utazame.